Garand M1 ya 1943: muuzaji anasema kila kitu ni cha asili. Nikague wapi?

Mtungi_Columbus (mwanzisha mada)

Wakuu habari zenu. Kuna bunduki ya jeshi la Marekani, Garand M1, inauzwa na mtu binafsi hapa Ohio kwa dola 1,900. Tangazo linasema "hali nzuri, ya Vita vya Pili vya Dunia, kila kitu ni cha asili." Kwa nje inavutia: chuma kina ile rangi ya kijivu-kijani ya fosfati (dawa ya kuzuia kutu), mbao haina ufa, kutu sijaiona. Muuzaji alikubali kuifungua, nikanakili maandishi haya:

Nyuma ya kilengeo cha nyuma: U.S. RIFLE CAL. .30 M1 SPRINGFIELD ARMORY, na namba inaanzia 1,7xx,xxx.
Mtutu, ubavu wa kulia, bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) ikiwa imevutwa nyuma: SA F6535448 3 53.
Bolti: D28287-12SA.
Oprodi (fimbo ndefu ya kulia inayovuta bolti): 7790722 SA.
Mbao, upande wa kushoto: muhuri wa tai mwenye nyota tatu juu ya kichwa.
Mguu wa kulia wa risiva (mwili wa chuma unaoshika mtutu na bolti), sehemu inayofichwa na mbao: LEAD 1-66, kama imeandikwa kwa mkono.

Naomba kujuzwa mambo matatu. Je, ni ya asili kweli? Kabla ya kulipa nipime nini? Na hizi risasi za .30-06 za kuwindia zinazouzwa madukani, naweza kuzitumia?

---

MuhuriNaNamba

Mkuu, umefanya la maana sana kunakili kabla ya kuuliza. Bunduki hiyo inaweza kuwa nzuri, lakini "kila kitu ni cha asili" si kweli, na ushahidi umeuleta mwenyewe.

Risiva yako ni ya 1943. Kiwanda cha serikali cha Springfield, Massachusetts, ndiko alikofanya kazi John C. Garand aliyeibuni, na namba za milioni moja na laki saba zilitoka humo mwaka huo. Mtutu ni wa Machi 1953, yaani mdogo kwa risiva kwa miaka kumi hivi. Oprodi ya 7790722 ni ya baada ya vita. Ya 1943 ingekuwa na namba inayoanzia D35382. Muhuri wa tai mwenye nyota tatu ulianza kugongwa miaka ya 1950, kwa hiyo mbao hiyo haikuwapo risiva ilipotoka kiwandani. Kilichobaki cha wakati wa vita ni risiva yenyewe, bolti hiyo ya D28287-12SA, na pengine nyumba ya traiga. Kaisome nayo: ya vita huanzia D28290.

LEAD si madini ya risasi, kama wengi wanavyodhani wakiliona neno hilo. Ni Letterkenny Army Depot, ghala la jeshi huko Pennsylvania, na 1-66 ni Januari 1966, mwezi bunduki ilipofanyiwa ukarabati mkubwa. Maandishi yanaonekana ya mkono kwa sababu yaliandikwa kwa kalamu ya umeme. Ukikuta RRAD ni Red River, SAA ni San Antonio, RA ni Raritan. Kwenye mbao nako, mihuri kama RIA/EB ni ya ukarabati wa Rock Island, si ya kiwanda.

Sasa uelewe ukarabati ulikwendaje. Bunduki zilifumuliwa, vipuri vikamwagwa kwenye mapipa kwa aina yake, kila kimoja kikapimwa kwa geji, kilichochoka kikatupwa, kilichofaa kikapakwa fosfati upya. Kisha mafundi wakaunganisha bunduki kutoka mapipa hayo bila kujali bolti ilitoka kwa nani. Jeshi lilitaka bunduki inayopiga. Na tofauti na bunduki nyingi za Ulaya, M1 haina vipuri vyenye namba inayolingana na risiva: namba ya bunduki ipo kwenye risiva peke yake. Kwingine kuna namba za michoro na herufi za kiwanda tu. Kwa hiyo mtu akikuambia "namba zote zinalingana" kuhusu Garand, mwombe akuonyeshe zipi.

Hapo ndipo pesa za watu hupotea, kwa hiyo tenganisha maneno matatu. "Ya asili" ni ile iliyobaki na vipuri ilivyotoka navyo kiwandani, na hizo ni chache mno. "Sahihi" ni ile ambayo mtu amekusanya vipuri vya mwezi na kiwanda kinachostahili akavifunga; inapendeza, lakini ni kazi ya mkusanyaji wa juzi. Na "ya ukarabati" ni kama hii yako: mchanganyiko wa miaka, lakini mchanganyiko wenye historia yake, uliofanywa na jeshi lenyewe na kuwekewa tarehe.

Springfield ya 1943 isiyoguswa ingekuwa hivi: mtutu umeandikwa kwa mtindo wa S-A-6-43, tarehe ikitangulia risiva kwa mwezi mmoja au michache, kilengeo cha nyuma kina kile kipande cha kufungia kama kibawa kwenye nati ya upande, mbao ina mizinga miwili iliyopishana na herufi SA juu ya herufi za ofisa mkaguzi, EMcF au GAW. Kilengeo chako bila shaka ni kile cha baada ya vita kiitwacho T105, kwa sababu maghala yaling'oa vile vya zamani karibu vyote. Ndiyo maana leo kilengeo kimoja cha zamani kikiwa kizima, au oprodi ambayo haikukatwa, kina bei ya kushangaza.

Tahadhari moja kuhusu mihuri ya mbao: inaghushiwa. Muhuri wa kweli umezeeka pamoja na mbao, kingo zake zimelainika, na uchafu ndani ya mistari una rangi ileile ya uchafu wa mbao. Ukiona mistari mikali, ya ndani sana, juu ya mbao iliyopigwa msasa, usilipie muhuri huo hata senti.

Na kabla hujalipa dola 1,900, angalia CMP (shirika la Marekani la ulengaji shabaha linalouza bunduki za zamani za jeshi) wanauzaje za daraja la Service wiki hiyohiyo. Hicho ndicho kipimo cha haki cha bunduki ya ukarabati.

---

FundiMtutu

Mwenzangu amemaliza habari ya maandishi. Mimi nazungumzia chuma, maana muhuri haukuambii kama mtutu umekwisha.

Kwanza kabisa hakikisha haina kitu. Vuta oprodi nyuma hadi ishike, tazama chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa), ingiza kidole kidogo. Ukiwa unaikagua usiweke kidole gumba ndani ya risiva bila kuizuia oprodi kwa upande wa kiganja cha mkono wa kulia. Ukisukuma kile kibao cha ndani hadi chini, bolti huachia na kwenda mbele na kidole chako.

Kisha tafuta weldi. Miaka ya nyuma risiva zilizokatwa vipande viwili kama chuma chakavu zilinunuliwa, zikaunganishwa kwa weldi na kuuzwa tena. Zilizounganishwa vibaya ni hatari, kwa sababu bolti inafunga mbele wakati namba ya bunduki iko nyuma, na vipande hivyo viwili vinaweza kuwa vya bunduki tofauti. Toa mbao. Tazama kwa tochi kuta za ndani na njia ya bolti, katikati ya risiva, utafute mstari, vishimo vidogo au sehemu yenye rangi tofauti ya fosfati. Halafu soma namba ya mchoro kwenye mguu wa mbele kulia, inayoanzia D28291, uone kama toleo lake linaendana na namba ya nyuma. Risiva iliyopitia Letterkenny 1966 na kuandikwa hivyo inatia moyo, lakini tazama tu.

Mtutu hupimwa kwa geji mbili. Moja huingia upande wa chemba kupima koo la mtutu, mahali moto wa baruti unapoanza kula chuma. Nyingine huingia mdomoni. Kila mstari ni sehemu moja ya elfu ya inchi, na sufuri ya mdomo ni inchi 0.300. Daraja la Service la CMP linataka koo chini ya 5 na mdomo 3 au pungufu. Nikipata koo 2 na mdomo 1 nafurahi. Koo 4 na mdomo 1 bado hupiga vizuri. Kinachoniogopesha ni mdomo 4 hata kama koo ni 1, kwa kuwa mdomo ndio unaoiaga risasi, na ukiwa umelika upande mmoja risasi huondoka imeyumba.

Ajabu ni kwamba mdomo wa Garand mara nyingi haulwi na risasi. Risiva yake imezibwa nyuma, huwezi kupitisha fimbo ya kusafishia kutoka chemba, kwa hiyo kizazi baada ya kizazi cha askari kiliingiza fimbo ya chuma kwa mbele na kusugua. Ukiinunua, tumia fimbo iliyofunikwa plastiki pamoja na kile kikombe cha kuongozea mdomoni, au kamba ya kuvuta kutoka chemba kwenda mbele.

Nafasi ya ganda la risasi kati ya chemba na uso wa bolti nayo ipimwe. Kwa .30-06 geji ya GO ni inchi 1.940, NO-GO 1.946, FIELD 1.950. Bolti ivuliwe kwanza kile kitupa-ganda chenye springi, la sivyo kitaisukuma geji na kukudanganya. Ifunge kwa kidole, usilazimishe. Ikifunga kwenye GO na kukataa NO-GO, vizuri sana. Ikifunga kwenye FIELD, usiipige.

Sasa oprodi, ile fimbo ndefu ya kulia inayosukumwa na gesi na kuvuta bolti nyuma. Usijaribu kuinyoosha! Imepindishwa makusudi ili ipite chini ya mtutu, na watu wengi wameiharibu wakidhani imepinda kwa ajali. Za zamani zina kona kali pale mkono unapokutana na fimbo, na kona hiyo ilikuwa ikipasuka. Ndiyo maana jeshi liliagiza ikatwe mviringo mdogo hapo. Yako ya 7790722 ni toleo lililokuja na mkato huo, kwa hiyo kwa kupiga ni bora kuliko ya 1943. Pima kichwa chake cha pistoni kwa maikromita: mpya ni inchi 0.526. Ikishuka chini ya 0.525 gesi inapita pembeni na bunduki inaanza kushindwa kurudi nyuma kikamilifu.

Kipimo cha mwinamo hakihitaji kifaa chochote. Toa springi ya oprodi, rudisha oprodi na bolti bila springi, kisha inua mdomo juu kama nyuzi 60. Bolti na oprodi vinatakiwa kuteleza nyuma kwa uzito wake. Inamisha mdomo chini, vitelezee mbele. Vikikwama, tafuta alama ya kung'aa: kama fimbo inasugua mtutu au ubao wa juu, hapo patang'aa. Springi yenyewe ikiwa mpya ina urefu wa kama inchi 20. Ikiwa chini ya 19, weka nyingine. Ni kipuri cha bei ndogo.

Mwisho traiga, bunduki ikiwa tupu. Fyatua, endelea kushikilia traiga, vuta bolti nyuma na uiachie iende mbele, halafu achia traiga polepole. Usikie mlio mdogo, na nyundo ibaki imeshikwa. Nyundo ikianguka wakati bolti inafunga, usiinunue mpaka fundi aitazame. Rudisha sefti (kizuizi cha usalama) nyuma, vuta traiga kwa nguvu, achia, peleka sefti mbele: nyundo isianguke.

---

RisasiThelathini

Swali la tatu. Jibu fupi ni usichukue tu boksi lolote lililoandikwa .30-06. Sababu yake inafaa kueleweka.

Garand inachukua gesi kupitia tundu dogo lililoko karibu kabisa na mdomo wa mtutu. Ilibuniwa kwa risasi ya M2 Ball: kichwa cha grain 152 hivi (grain ni kipimo cha uzito), kasi ya futi 2,740 kwa sekunde. Baruti yake huwaka haraka kiasi kwamba risasi ikifika kwenye tundu shinikizo limeshashuka. Risasi nyingi za kisasa za kuwindia, hasa za vichwa vya grain 180 na zaidi, zina baruti inayowaka polepole. Chemba haioni tofauti kubwa, lakini pale kwenye tundu shinikizo bado liko juu, na oprodi inapigwa teke kali kuliko ilivyokusudiwa. Ikirudiwa, oprodi hupinda vibaya au kuruka kutoka njia yake, na bolti hugonga kisigino cha risiva. Risiva iliyopasuka kisigino haina dawa.

Kwa hiyo chagua risasi zilizoandikwa wazi kwenye boksi kwamba ni za M1 Garand. Viwanda kadhaa vinazitengeneza. Ukijaza mwenyewe, baruti za IMR 4895 na IMR 4064 ndizo zilizozoeleka, na vichwa vya grain 147 mpaka 168, ukifuata jedwali lililoandikwa mahususi kwa Garand. Lile la bunduki za .30-06 za bolti ya kuvutwa kwa mkono siyo lako. Ipo pia skrubu ya silinda ya gesi yenye tundu la kurekebisha, inayotoa gesi ya ziada mbele. Inasaidia, ila isikufanye upige chochote tu.

Jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha: pini ya kufyatulia ya Garand haina springi ya kuirudisha. Bolti ikienda mbele, pini inaelea na kuigusa kidogo praima, yaani kiwashio cha kwenye kitako cha ganda. Ukitoa risasi ambayo haijapigwa lakini imeingia chemba, utaona kidoa kidogo. Hicho ni cha kawaida. Hatari inakuja ukitupa risasi moja ndani ya chemba kwa mkono na kuiachia bolti ijipige mbele. Hakuna klipu (kibati kinachoshika risasi nane) ya kuipunguza kasi, na ikiwa praima ni laini au imekaa juu ya kitako cha ganda, inaweza kulipuka kabla bolti haijafunga. Wanaojaza risasi wenyewe wapitishe kidole kwenye kila praima: inatakiwa iwe imezama kidogo chini ya usawa wa ganda.

Na risasi za jeshi za zamani. Za .30-06 za Marekani zilizotengenezwa wakati wa vita zina praima zenye chumvi. Zinapiga, lakini chumvi inavuta unyevu na mtutu unaota kutu usiku mmoja. Mafuta hayaondoi chumvi, maji ndiyo huiondoa. Ukizipiga, siku hiyohiyo pitisha maji ya moto, kausha kabisa, ndipo upake mafuta mepesi. Silinda ya gesi na kichwa cha oprodi navyo vioshe na kuvikausha, ila bila mafuta.

---

Mtungi_Columbus

Asanteni sana wakuu, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Nimerudi na mtu mwenye geji. Koo 2, mdomo 1. NO-GO imekataa. Weldi hakuna. Kipimo cha mwinamo kimepita. Traiga sawa.

Matatizo mawili. Kikingio cha traiga kinafunga kilegevu, kinaingia mahali pake bila kukaza. Na mbao ni nyeusi kwa uchafu na mafuta. Rafiki ananishauri niipige msasa nipake vanishi. Kitu cha tatu ambacho sikukiuliza mwanzo: nina green card, si raia. Kuna tatizo?

---

SeremalaWalnati

Tafadhali weka msasa chini! Msasa ukipita, tai na nyota zake wanaondoka, kingo kali karibu na risiva zinakuwa za mviringo, na mbao inakuwa nyembamba pale ambapo chuma kinapaswa kuikalia. Bei nayo inashuka. Ni kosa ambalo halirudishiki.

Weusi huo ni mafuta ya miaka mingi na grisi ya kuhifadhia iliyoingia mbaoni. Toa chuma chote. Futa kwa kitambaa chenye spiriti ya kuyeyushia rangi, si petroli, sehemu ndogo ndogo, ukibadilisha kitambaa kila kinapochafuka. Karibu na muhuri futa kwa mkono mwepesi, usisugue kwa brashi ngumu. Iache ikauke siku mbili. Rudia mpaka kitambaa kianze kutoka na rangi ya chai badala ya rangi ya oili chafu, kisha ishia hapo. Huhitaji mbao ya dukani. Mibonyeo iache. Ukitaka kuinyanyua kwa kitambaa chenye maji na pasi ya moto, fanya mbali kabisa na mihuri, kwa sababu mvuke unauinua muhuri pamoja na mbonyeo.

Halafu mafuta ghafi ya kitani, ndiyo yaliyotumiwa na jeshi. Paka kidogo sana kwa kiganja, sugua hadi mbao ipate joto, subiri nusu saa, futa yote yaliyobaki juu. Yakaushe siku kadhaa kabla ya kupaka tena. Mara mbili au tatu zinatosha. Vanishi inatengeneza ngozi inayong'aa ambayo haijawahi kuwapo kwenye M1, na ikianza kubanduka ni kazi nyingine.

Na vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike. Yanapokauka yanatoa joto, na rundo lililokunjwa linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au vitumbukize kwenye maji ndani ya kopo la bati.

Ulegevu wa kikingio ni mbao, mara chache ni chuma. Kikingio ndicho kinachobana chuma na mbao pamoja. Ukikifunga, sehemu ya mwisho kama nusu inchi inatakiwa uisikie, usukume kwa kiganja. Kikiingia kama droo ya zamani, mbao imebonyea pale miguu ya nyumba ya traiga inapokaa, na bunduki itatawanya risasi hata mtutu ukiwa mpya. Jaribu kwanza kikingio kingine: kuna vya kukata kwa mashine na vya kupondwa kwa bati, na vinatofautiana kidogo. Kikikataa, tafuta mbao nyingine ya kupigia, hii yenye tai uihifadhi. Usianze kubandika vipande vya bati chini yake.

Ndiyo maana pia hatuifungui Garand kila tukiisafisha. Kila ukifungua na kufunga unaila mbao. Safisha mtutu na chemba ikiwa imefungwa, ifungue ukilowana mvua au mara moja kwa mwaka. Na ukiiweka kabatini, achia kikingio kikae wazi ili mbao isibanwe muda wote. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi au wa kitambaa, unatunza unyevu.

---

KaratasiKwanza

Kuhusu green card. Sheria ya shirikisho la Marekani inamruhusu mkazi wa kudumu kununua bunduki ndefu, kama hana kizuizi kingine. Wenye viza za muda ndio wanaozuiwa kwa kawaida, isipokuwa kwa masharti maalumu kama leseni ya uwindaji. CMP ni habari nyingine: wao huuza kwa raia wa Marekani tu, na wanataka pia uanachama wa klabu iliyosajiliwa nao na ushahidi wa kushiriki ulengaji shabaha. Kwa hiyo bei yao itumie kulinganisha, dukani kwao utanunua ukishapata uraia.

Kununua kwa mtu binafsi kunawezekana tu mkiwa wakazi wa jimbo moja. Akiwa wa jimbo jingine, lazima ipite kwa muuzaji mwenye leseni. Hata mkiwa wote Ohio, ningekushauri mpitie dukani: unajaza fomu 4473, jina lako linakaguliwa, unabaki na karatasi inayoonyesha namba ya bunduki na siku uliyoipata. Kwa mhamiaji karatasi hiyo ni kinga. Jaza kila kisanduku kwa ukweli, kikiwemo cha uraia na namba yako ya mkazi. Jibu la uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai, na linaweza kuugusa ukaazi wako.

Bunduki iliyofikisha miaka 50 ikiwa katika umbo lake la kwanza huhesabiwa kuwa ya kale, na kuna leseni ya mkusanyaji, aina ya 03, ada yake dola 30 kwa miaka mitatu. Inakuruhusu kupokea bunduki za kale kutoka majimbo mengine. Haikuruhusu kuzifanyia biashara. Majimbo yana masharti yao ya ziada, soma ya kwako.

Na kwa wanaosoma mkiwa na mpango wa kuzipeleka nyumbani Afrika Mashariki: usipakie kwenye kontena, hata iwe imefunguliwa vipande. Kuitoa Marekani bila leseni ya serikali ni kosa huku, na kuiingiza bila kibali ni kosa zito zaidi kule.

---

Mtungi_Columbus

Nimeelewa wakuu. Muuzaji amekubali kurekebisha tangazo aandike "ya ukarabati wa jeshi 1966" na ameshusha bei. Tutapitia dukani.

Swali dogo la mwisho. Anasema siku alipoipiga, mara mbili klipu iliruka nje baada ya risasi ya saba, ikaondoka na risasi ya nane. Ni ugonjwa mkubwa?

---

FundiMtutu

Mara nyingi si mkubwa. Anza na klipu yenyewe, maana watu husahau kwamba ni sehemu ya mashine. Klipu ya risasi nane inashikwa ndani ya risiva na kitasa kidogo cha upande wa kushoto. Klipu iliyotanuka midomo au yenye kutu haishikwi vizuri. Tia alama kwa kalamu ile iliyoruka, jaribu nyingine tatu nne nzuri. Klipu hazina juu wala chini, ila nyingi hukaa vizuri risasi ya juu ikiwa upande wa kulia.

Ikiendelea na klipu nzuri, tazama springi ya kitasa. Bonyeza kitasa kwa kidole: kirudi kwa nguvu. Kikirudi kivivu, springi imechoka au uchafu umejaa kwenye tundu lake. Safisha, badilisha springi. Ncha ya kitasa ikiwa ya mviringo, badilisha kitasa.

Vyote vikiwa sawa, ndipo uangalie kishikio cha oprodi na mkono wake ndani ya risiva, na hapo mpelekee fundi wa Garand, usikate wala kupiga tupa chochote. Kumbuka kuipaka grisi kabla ya kuijaribu. Garand hupakwa grisi, si oili nyepesi, kwa sababu oili hurushwa nje baada ya milio michache: tone kama punje ya mchele kwenye kona ya oprodi inaposhika sikio la bolti, kwenye njia za bolti, chini ya mtutu inaposugua oprodi, na usoni mwa nyundo. Ndani ya silinda ya gesi na kichwa cha oprodi usipake kitu. Hiyo ni chuma isiyoshika kutu, na mafuta humo yanaungua yakawa gamba gumu. Ibaki kavu kabisa.